Kabla Hujalowesha Kitambaa: Vitambaa vya Kupangusia vya Kutengeneza Nyumbani

Kila anayenikuta nikitengeneza vitambaa vya majimaji vya kupangusia mtoto, mikono na nyumba huniuliza natia dawa gani. Dawa ni jambo la mwisho. Anza na maji.

Maji ya visima vya hapa Mombasa mengi yana chumvi. Sabuni haitoki povu, inaacha utando, na ngozi ya mtoto ikipanguswa nayo hukauka. Kuyachemsha hakusaidii upande huo, maana moto unaua vijidudu lakini chumvi inabaki pale pale. Kwa hivyo mwenye mkokoteni akipita asubuhi, nunua maji matamu, utenge lita moja kwa kazi hii. Yachemshe mpaka yatokote sawasawa, funika sufuria, yapoe humo humo.

Kitambaa kizuri kuliko vyote ni leso (kanga) kuukuu ya pamba, ile iliyofuliwa miaka mpaka jina lake halisomeki tena. Ijaribu kwanza, kwani si kila leso ya siku hizi ni pamba tupu: dondosha tone la maji. Likinywewa papo hapo, ni pamba. Likisimama juu kama lulu, iache, haitashika unyevu. Leso moja ya mita moja na nusu kwa mita moja na kitu hutoa vipande 35 vya sentimita 20 kila upande. Mpe fundi cherehani avipinde kingo, la sivyo nyuzi zitakuwa zikimganda mtoto mapajani. Kisha vichemshe, vianike juani, vipige pasi, uviweke vikavu.

Vikavu, nasisitiza. Aprili moja, masika imekolea, nililowesha vitambaa 30 kwa mpigo nikavifungia kwenye kopo, nikiona nimejipunguzia kazi ya wiki nzima. Siku ya tano nikafungua kifuniko: harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, na kwenye pindo la kile cha juu vidoa vyeusi vidogo kama pilipili manga iliyotwangwa. Koga, yaani kuvu. Na jana yake nilikuwa nimempangusia mtoto kwa kilichotoka kopo lile lile. Vile vya dukani hukaa kwa sababu vimetiwa vihifadhi. Mafuta ya nazi hayafanyi kazi hiyo, wala asali, wala siki kidogo. Kwa joto na unyevu wa pwani, lowesha vya leo tu. Vikilala usiku mmoja, vya ngozi visitumike tena.

Kwa vitambaa kumi, nusu kikombe cha maji inatosha. Kwa kichanga maji matupu yanatosha. Kwa mtoto aliyekua kidogo ongeza matone mawili ya sabuni laini isiyo na manukato. Marashi na mafuta ya karafuu yasiingie humo, hata kama bibi anasisitiza, kwani huwasha ngozi changa.

Vya mikono, vya kubeba mkobani ukivuka Likoni, vinahitaji spiriti yenye nguvu ya asilimia 70 au 80. Pombe kali ya dukani yenye asilimia 40 haitoshi. Spiriti ya kuwashia jiko usiipake mwilini, ina sumu. Viloweshe mbali na moto, kopo lifungwe kabisa, maana spiriti hupaa upesi na vitabaki vitambaa vya maji. Mikono ikiwa na tope au mafuta ya samaki, hapo ni sabuni na maji, hakuna njia ya mkato.

Vya nyumba ni rahisi zaidi. Siki na maji nusu kwa nusu huondoa ule ukoko mweupe wa chumvi kwenye bomba na kufanya vioo ving'ae. Usiguse nayo marumaru wala sakafu ya terazo, inachimba. Na hapa nakuomba unisikilize kwa makini: siki isikutane na jiki, hata kwenye ndoo iliyokuwa na mojawapo. Hutoa gesi ya klorini, na vyoo vyetu vingi vina kidirisha cha kiganja. Ukitaka kitambaa cha jiki, kitengeneze na maji peke yake na ukitumie siku hiyo hiyo. Kikikaa kinaisha nguvu.

Andika kila kopo kwa kalamu isiyofutika: ngozi, jikoni, choo. Chupa ya soda isitumike kuhifadhia dawa yoyote, mtoto ataiinua anywe.

Tafuta pia ndoo yenye kifuniko ya kutupia vilivyotumika. Visitupwe chooni, vitaziba bomba au shimo. Vya choo vifuliwe mbali na vya mtoto, vyote vichemshwe, na masika jua likikataa, vimalizie kwa pasi ya moto mpaka visitoe mvuke.