Kufufua amplifaya ya gitaa ya valvu: balbu kwanza, umeme baadaye

Ilifika kwangu Uyole, Mbeya, nyuma ya Noah kutoka Tukuyu, imevishwa gunia la viazi. Amplifaya ya gitaa ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa mirija ya kioo. Jina la mbele lilishabanduka, ila bamba la nyuma bado linasomeka kwamba imetengenezwa Uingereza. Ilikuwa imelala stoo ya kanisa tangu kwaya ilipohamia kinanda. Mzee aliyeileta, mpiga solo wa enzi zile, alikuwa ameshika plagi mkononi.

"Fundi, tuichomeke tuone kama inapumua?"

"Hapana, mzee wangu. Tukiichomeka leo, tunaizika leo."

Nyingi ya mashine hizi huvumilia stoo miaka thelathini, zikafa dakika ileile mtu alipotaka kuona kama zinapumua. Sababu ni zile kapasita kubwa, vipuri vinavyotunza chaji na kuchuja umeme. Ndani yake mna karatasi nyembamba ya alumini yenye utando unaozuia mkondo kupita, na utando huo unalishwa na umeme wenyewe. Ukikaa miaka bila kuonja umeme unadhoofika, na majimaji ya ndani yanakauka. Ukiipa volti 300 kwa mkupuo, kapasita inapitisha mkondo kama waya mtupu, inachemka, inaondoka na valvu ya kunyoosha umeme, kisha transfoma. Kapasita utaagiza Kariakoo ikufikie kwa basi. Transfoma ya umri ule utaisuka upya au utabaki na sanduku la kupandia maua.

Kabla ya yote: ndani ya mashine hii kuna volti 300 hadi 450 za mkondo mnyoofu (DC), na zinaweza kubaki humo hata plagi ikiwa mkononi mwako. Kama hujawahi kupima umeme mkubwa kwa mita, ishia hatua ya kwanza, halafu mtafute mwenzako aliyezoea.

Hatua ya 1: Fungua, nusa, soma bamba

Piga picha ya kila upande kabla hujagusa waya. Chomoa valvu zote na uandike kila moja imetoka soketi ipi. Hii ya mzee ina ECC83 tatu za kupokea sauti ya gitaa, EL84 mbili za kusukuma spika, na EZ81 moja ya kunyoosha umeme. Panya walikuwa wamefanya makazi chini ya transfoma. Brashi kavu na subira vinatosha, maji hapana. Mashine iliyotoka upande wa Rungwe, ambako mvua haina likizo, iache siku tatu kwenye chumba chenye jua ikauke.

Kisha inusie transfoma. Ikinuka vanishi iliyoungua, punguza matumaini.

Soma volti kwenye bamba. Hapa nimelipa ada. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilipokea amplifaya ya Kimarekani iliyoandikwa 117. Nikaona namba, sikuifikiria, nikaichomeka kwenye 230 zetu. Moshi ulitoka kabla sauti haijatoka. Mashine ya Marekani inahitaji transfoma ya kushusha umeme, basi. Ya Uingereza mara nyingi ina kichagulio cha volti, kiweke 240. Hapa kwangu usiku wa manane, watu wakiwa wamezima kila kitu, mita husogea huko.

Hatua ya 2: Toa chaji

Chukua rizista, kipuri kinachopunguza mkondo, ya omu elfu 10, wati 10. Upande mmoja ulehemu waya wenye kibanio, upande mwingine waya wenye ncha ya kupimia iliyofunikwa vizuri. Kibanio kinashika chasisi, lile sanduku la chuma linalobeba vipuri, ncha inagusa mguu chanya wa kila kapasita kubwa, unahesabu hadi kumi. Halafu pima kwa mita. Ikisoma chini ya volti 5, endelea. Ikisoma zaidi, rudia. Mkono mmoja unafanya kazi, mwingine uko mfukoni. Wapo wanaotoa chaji kwa kugusanisha bisibisi. Cheche ile inatoboa ncha ya bisibisi, na mkono ukiteleza kidogo tu inakutafuta wewe.

Hatua ya 3: Waya wa umeme na ethi

Waya wa zamani wenye nyuzi mbili, utupe. Weka wa nyuzi tatu: kahawia ni moto, bluu nyutro, kijani na njano ni ethi. Ethi ifungwe kwenye chasisi kwa bolti yake yenyewe, na nati mbili, usiitegemee lehemu peke yake. Waya wa moto uanzie kwenye fyuzi, ndipo uende swichi. Kwenye plagi ya miguu mitatu toa fyuzi ya ampea 13 uweke ya 3.

Ukikuta kapasita ndogo imeunganishwa kati ya waya wa umeme na chasisi, ikate. Ikipata shoti, chasisi yote inakuwa moto, na mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma huku mdomo uko kwenye maikrofoni.

Hatua ya 4: Sanduku la balbu

Hiki ndicho kifaa ambacho kingeiokoa ile ya Marekani. Kipande cha ubao, soketi ya balbu, soketi ya ukutani. Waya wa moto ukatwe njiani upitie kwenye balbu kabla ya kufika kwenye soketi. Balbu iwe ya zamani yenye uzi ndani, wati 60. Enajisava haifai hata kidogo. Zile za uzi zimeanza kuadimika, lakini Mwanjelwa, kwa wauza vifaa vya vifaranga, bado zipo.

Chomeka amplifaya humo bila valvu hata moja. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia karibu kuzimika, transfoma ni nzima. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Kama hata ukiachanisha nyaya zote zinazotoka kwenye transfoma balbu bado inang'aa, msiba uko ndani ya transfoma.

Ya mzee ilififia. Akapiga makofi mara moja, akanyamaza kama mtu aliyekumbuka yuko ibadani.

Hatua ya 5: Kapasita kubwa

Wapo wanaozifufua kwa kuzilisha umeme kidogo kidogo. Inawezekana, lakini kwa mashine itakayopigwa saa tatu za ibada mimi nabadilisha. Ya zamani ilikuwa kopo moja lenye mbili ndani, mikrofaradi 32 na 32, volti 450. Nimeweka mpya mbili chini ya chasisi, kopo la zamani nikaliacha juu likiwa halina kazi ili sura ibaki. Angalia alama ya hasi mara mbili, ukigeuza, inalipuka.

Usiongeze ukubwa ukidhani muungurumo utapungua. EZ81 inavumilia mikrofaradi 50 tu kwenye kapasita ya kwanza. Ukiweka 100, unaichosha kila unapowasha.

Hatua ya 6: Vipuri vidogo

Rizista za kaboni huzeeka kwa kupanda. Inua mguu mmoja, pima. Iliyopita asilimia 20 juu ya thamani yake inatoka. Kwenye hii, iliyoandikwa omu laki moja ilisoma laki moja na elfu arobaini. Zilizo sawa usiziguse. Kuna mafundi wanaong'oa kila kitu na kurudisha mashine isiyo na sauti yake.

Kapasita zinazopeleka sauti kutoka ECC83 kwenda EL84 ndizo za kuogopa. Zikivuja, zinaingiza volti chanya kwenye gridi, ule wavu wa ndani unaoongoza mkondo wa valvu, na valvu inajichoma yenyewe. Namna ya kuzikamata tutaiona mbele. Soketi za valvu zisafishe kwa spiriti ya kusafishia na brashi ya meno, zisizobana uzikaze kwa sindano.

Hatua ya 7: Washa kwa kupitia balbu

Kwanza pima spika. Iliyoandikwa omu 15 itasoma kama 12 kwenye mita, usishtuke. Iunganishe, na kuanzia hapa usiitoe kamwe mashine ikiwa imewaka, kwa sababu transfoma ya spika isipokuwa na mzigo inaweza kutoboka.

Badilisha balbu uweke ya wati 100. Rudisha ECC83 na EZ81, acha EL84 mezani. Washa. Baada ya dakika moja pima pini namba 2 ya kila soketi ya EL84, waya hasi wa mita ukiwa kwenye chasisi. Panapaswa kuwa sifuri. Hapa ndipo kapasita inayovuja hujitangaza. Moja ya hizi ilitoa volti 4 na ikawa inapanda polepole huku ninaitazama. Nikazima, nikatoa chaji, nikabadilisha zote mbili.

Kisha zima, weka EL84, washa tena. Balbu itang'aa, itafifia, halafu itapanda kidogo valvu zikipata moto. Subiri dakika kumi. Bati la ndani la EL84 likigeuka jekundu, zima papo hapo.

Hatua ya 8: Bila balbu

Sasa chomeka moja kwa moja. Nyuzi za kupasha moto valvu zinataka volti 6.3. Pima rizista ya kathodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni, inayotumiwa na EL84 zote mbili: hapa ni omu 130, na juu yake nilisoma volti 10. Gawanya, unapata miliampea 77 hivi, yaani 38 kwa kila valvu. Toa kama 4 zinazopita kwenye gridi ya pili, zinabaki 34. Kati ya anodi (lile bati la ndani) na kathodi kuna volti 300, kwa hiyo ni wati 10 na kidogo. Kikomo cha EL84 ni 12. Tuko salama.

Volyumu zilizokwaruza nilizipulizia dawa ya kusafishia na kuzizungusha mara ishirini. Muungurumo mdogo umebaki na nimeuacha. Ukilaza sikio kwenye kitambaa cha spika unausikia; gitaa likianza, haupo.

Mzee aliwasha, akapiga nyuzi, kimya. Akanitazama.

"Inapasha moto, mzee. Hesabu."

Alifika ishirini na mbili. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, bila kuacha kupiga.

Ndani ya kifuniko nimebandika karatasi yenye tarehe, vipuri vilivyobadilishwa na volti nilizosoma kila pini, na mstari mmoja wa kalamu nyekundu kwa kijana yeyote wa kwaya atakayeikuta: usiwashe bila spika.