Namna ya Kutunza Copiapoa Nyumbani

Copiapoa ni dungusi lenye maua ya njano, ambalo asili yake ni pwani ya Jangwa la Atacama nchini Chile, mahali ambapo mvua ni adimu na unyevu huletwa na ukungu wa bahari ambao wenyeji huuita camanchaca. Lipande katika chungu chenye matundu chini, kwa mchanga wa chembe kubwa uliochanganywa na kokoto ndogo na udongo kidogo tu, kisha usilimwagilie maji mpaka mchanganyiko huo ukauke kabisa, kwa kuwa maji yanayotuama huozesha mizizi upesi. Liwekwe penye jua na hewa ya kutosha. Hukua polepole mno (asiye na subira apande kitu kingine), na linunuliwe lililooteshwa kwa mbegu, si lililong'olewa jangwani.