Kufinyanga na darasa la tatu: namna ya kutoa vyungu vizima motoni

Mwalimu kijana wa huku Uyui, Tabora, alinipigia simu jioni moja: "Shikamoo mwalimu. Vyungu vya watoto vimelipuka vyote." Nikaenda, tukairudia kazi pamoja hadi ikakubali. Haya ni maelekezo niliyomwandikia baadaye, nimeyapanua kidogo kwa sababu wengine nao wameyaomba.

Tuliosoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, ile ya 1967, tulikuwa na kipindi cha kazi za mikono: ukili, mipini ya majembe, fagio, vyungu. Ufinyanzi ndio ninaoupenda zaidi kwa watoto wadogo, maana vifaa havinunuliwi na ndani yake mna hesabu na sayansi tele. Plastisini ya dukani sina habari nayo. Hairudi nyumbani kupikiwa mboga.

Kitu cha kwanza ni msimu. Tabora mvua huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili. Fanya kazi hii kuanzia Juni hadi Septemba. Ukiilazimisha Januari, chungu hakitakauka hata ukikiombea.

Hatua ya 1: Udongo

Kabla hujashika jembe, tafuta bibi anayefinyanga kijijini kwenu. Nenda na kilo ya sukari, msalimie "Mwangaluka", salamu ya huku kwetu, kisha umuulize anachimba wapi. Anajua shimo zuri kuliko mimi na wewe.

Kama hayupo, nenda ukingoni mwa mbuga, yaani bonde tambarare lenye udongo mweusi. Ule udongo mweusi wa juu uache: unavimba ukilowa na kusinyaa vibaya ukikauka, ndiyo maana mbuga ya Agosti ina nyufa unazoweza kuingiza vidole. Chimba chini yake upate udongo wa kijivu au wa kahawia unaonata. Wa kichuguu ni mzuri kwa matofali na kukandika ukuta, lakini kwa chungu mimi nauchanganya tu, siutumii peke yake.

Jaribio lake ni hili. Fanya uzi mnene kama penseli, uuzungushe kwenye kidole. Ukipinda bila kupasuka, chukua. Ukikatika, tafuta shimo jingine.

Hatua ya 2: Kutwanga, kuchekecha, kuloweka

Anika, twanga, chekecha, loweka siku mbili tatu, mwaga maji ya juu. Watoto wataifanya wenyewe na hutawaweza kwa furaha.

Jambo moja tu la kuangalia: vijiwe vyeupe. Udongo wa mbuga mara nyingi una punje za chokaa. Zikipita motoni zinageuka chokaa iliyoungua, kisha zinanyonya unyevu wa hewa, zinavimba na kubandua kipande cha chungu wiki kadhaa baadaye kikiwa rafuni. Ukikishuku kijiwe, kidondoshee maji ya ndimu. Kikitoa povu, ni chokaa. Kitupe na wenzake.

Hatua ya 3: Vigae

Hapa wengi wanaruka. Usiruke. Chukua vyungu vilivyovunjika, vitwange kwenye kinu, uchekeche kwa chekecheo la unga. Bakuli moja la vigae kwa mabakuli manne ya udongo, kanda mpaka usione mistari. Punje za vigae zilishaungua, hivyo hazisinyai tena, na zinaacha vinjia ambamo maji hutoka taratibu. Kama hakuna vigae, mchanga msafi wa mto unafaa. Pumba za mpunga nazo hutumika, ila chungu kinatoka chepesi na chenye vitundu, kizuri kwa maua tu.

Kujua kama umeweka vya kutosha, fanya hesabu na watoto: tengeneza kipande bapa, chora mistari miwili iliyoachana sentimita 10, kausha, pima tena. Ikibaki sentimita 9 na ushei, sawa. Ikishuka chini ya 9, udongo umesinyaa zaidi ya asilimia 10, ongeza vigae.

Hatua ya 4: Kufinyanga

Kitako, kisha nyuzi za udongo moja juu ya nyingine, laini kwa gunzi la mahindi. Watoto wanajua. Hakikisha ukuta una unene mmoja kote, kama kidole cha mtoto, na kila kiungo kimechanwachanwa na kupakwa tope kabla ya kubandikwa.

Lazima mtoto mmoja atafinyanga ng'ombe mwenye nundu, kanenepa, kashiba udongo mpaka ndani. Mpongeze, kisha mwambie amchimbe tumboni kwa kijiti hadi abaki tupu, na amtoboe tundu chini. Ng'ombe mzima ndiye bomu la kwanza motoni.

Hatua ya 5: Kukausha

Hapa ndipo yule kijana alipokwama, na hapa ndipo nitakaa.

Chungu hakilipuki kwa sababu moto ni mkali, kinalipuka kwa sababu kina maji. Maji yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi ambayo ni zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Ukuta wa chungu hauna nafasi hiyo, kwa hiyo unapasuka kwa mlio. Wanaosema tatizo ni hewa iliyonaswa wamekosea: kiputo kikavu hakina shida, chenye unyevu ndicho kinachoua.

Siku za kwanza, kivulini. Ndani ya darasa au stoo, mbali na dirisha. Jua na upepo vinakausha mdomo wa chungu haraka, mdomo unasinyaa huku kitako bado kimelowa, na ufa unashuka kutoka juu kama umechorwa kwa rula. Mdomo ukishagumika kidogo, kigeuze kichwa chini ili kitako nacho kipate hewa. Kwenye upepo wa Julai mimi navifunika kwa gunia. Masikio na mikono ya mtungi ifunge kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa ni myembamba na hukimbilia kukauka.

Wiki moja hivyo, mbili kwa vinene. Usihesabu siku tu, angalia rangi: udongo mkavu hupauka, na alama nyeusi ya kitako ndiyo ya mwisho kuondoka. Kisha vitoe juani siku mbili, jioni uvirudishe ndani, maana umande wa usiku hurudisha unyevu.

Sasa jaribio la bibi. Chukua chungu, kiweke shavuni. Si mkononi, mkono wa mwalimu umeshakuwa sugu kwa chaki. Shavuni. Kikiwa cha baridi kuliko hewa, bado maji yanatoka. Kikiwa kama hewa, endelea. Watoto wanalipenda jaribio hili na utawaona wote wana shavu moja lenye vumbi.

Lakini hata kilichofaulu shavuni bado kina maji usiyoyahisi, na hili ndilo alilokuwa amelikosa kijana wangu: alitoa vyungu juani akavitia motoni moja kwa moja. Kabla ya kuchoma, vipashe. Washa moto mdogo, upange vyungu kuuzunguka kama hatua mbili kutoka kwenye moto, ukivigeuza na kuvisogeza kidogo kidogo kwa saa mbili au tatu, mpaka usiweze kuvishika bila kitambaa. Kuhakikisha, weka sahani ya bati ya baridi juu ya mdomo wa chungu. Ikipata ukungu, rudi nyuma, endelea kupasha. Usione haya kurudi nyuma hata kama mwalimu mkuu amekuja kutazama.

Hatua ya 6: Kuchoma

Mimi huwasha saa kumi na moja jioni, upepo wa mchana ukishalala. Giza likiingia unaiona rangi, jambo lisilowezekana kwenye jua. Fyeka nyasi pande zote, weka ndoo za mchanga, na watoto wakae mbali nyuma ya kamba, kwa kuwa kigae kikiruka hakichagui jicho.

Tandaza kinyesi kikavu cha ng'ombe na magome ya miti. Panga vyungu vikiwa bado vya moto, kichwa chini, ufunike kwa vigae vikubwa ili mwali usiviguse, kisha rundo la magome na kuni kavu juu. Usikate mti mbichi. Miombo yetu imeshatoa vya kutosha kwa mkaa na mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto, na magome kwa fundi seremala yanatupwa bure.

Anza moto kidogo, ongeza polepole. Unachotafuta ni chungu chenyewe kuwa chekundu kama kaa, si kuni pekee. Udongo hupoteza maji yaliyofungwa ndani yake kwenye nyuzi kama 500 hadi 600, na baada ya hapo haurudi tena kuwa tope. Wekundu ukidumu kama nusu saa, acha moto ufe wenyewe. Usichokoe, usimwage maji. Mwambie mlinzi asikubali mtu kufukua majivu hadi asubuhi.

Gonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole. Kinacholia kimeiva. Kinachosema "pwa" kina ufa hata kama huuoni.

Hatua ya 7: Uji

Chungu cha moto wa wazi huvuja kidogo. Kipikie uji mzito wa mahindi au muhogo, uchemke, ukae usiku kucha, wanga unaziba vitundu. Vile vya kuweka maji ya kunywa usivipikie: jasho lile linalotoka nje ndilo linalopoza maji. Na rangi ya mafuta usipake kabisa, hata mzazi akileta kopo.