Shokapu moja au mbili? Kuchagua baiskeli ya mawe ya Goma

Kijana akija kwenye karakana yangu hapa Katindo kuniuliza anunue baiskeli ya milima ya aina gani, namuuliza kwanza: nyuma utafunga nini? Akijibu kidumu cha maji, mfuko wa makaa au mdogo wake wa kupeleka shule, hatuna mjadala. Achukue yenye shokapu mbele tu. Fremu yake nyuma ni kipande kimoja, keria inafungwa kwa nati na inatulia. Ile ya shokapu mbili, sehemu ya nyuma inacheza juu chini, na mzigo unaibana shokapu mpaka mwisho hata kabla hujakanyaga pedali. (Chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, haina shokapu hata moja na inabeba kuliko sisi sote, lakini huyo ni mnyama mwingine.)

Wanaobaki ni wale wanaoendesha kwa kupenda tu. Hapo ndipo mtu huniambia mji wetu ni mawe matupu, kwa hiyo shokapu mbili ni lazima. Pole pole. Mawe yetu ni ya volkano ya Nyiragongo: mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, na Mei 2021 ikashuka tena ikasimama pembeni, upande wa Buhene. Ni mawe yenye meno. Kinachokufa kwanza juu yake ni tairi, tena ubavuni, na hakuna shokapu inayozuia ubavu usichanwe. Pesa ya kwanza iende kwenye tairi nene la inchi 2.4 hivi, lenye ubavu mgumu. Kabla ya kulinunua, hakikisha linapita kwenye fremu bila kugusa. Ukitumia tyubu, usishushe upepo sana kutafuta ulaini, kwa sababu jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Na daima beba kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani pakichanika.

Ukishapata tairi hizo, baiskeli ya shokapu moja yenye mwendo (umbali inaoweza kushuka) wa milimita 120 inakutosha kwenda Sake, kupanda Kibumba, hata kuvuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, na kufuata njia ya Congo Nile Trail, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, ambako sehemu kubwa ni barabara ya vumbi. Kwenye mwinuko ni nyepesi, na nguvu ya mguu inakwenda yote kwenye gurudumu.

Shokapu mbili zinastahili bei yake kwenye mteremko mrefu wa mawe yanayoviringika, kama unashuka kwa kasi. Gurudumu la nyuma linabaki chini, breki inashika, mgongo unapona. Ukiwa mtu wa kushuka taratibu, utabeba kilo moja au mbili za ziada kila mlima bila faida.

Jihadhari hasa na zile za bei ndogo zenye springi nene nyekundu katikati. Nyingi hazina mafuta ya kutuliza springi, kwa hiyo zinarukaruka kwenye kila pedali. Kwa pesa hiyo hiyo utapata ya shokapu moja iliyo nzuri kweli.

Kama bado unataka mbili, na ni ya mtumba, ikague hivi. Inua kiti kidogo kidogo huku gurudumu likiwa chini: ukisikia “ko-ko”, beringi au bushi za maungio zimechoka. Kandamiza kiti kwa uzito wako wote kisha uachilie. Kirudi juu kwa utulivu. Kikiruka ghafla, shokapu imekufa. Pitisha ukucha kwenye bomba linalong'aa la shokapu; ukucha ukikwama, mkwaruzo huo utakula sili, ule mpira wa kuzuia vumbi na uvujaji. Angalia nyufa karibu na kila mshono wa kuchomelea. Halafu soma vipimo vya shokapu, kwa mfano 210 kwa 55 (urefu na mwendo, kwa milimita), na uulizie mapema kama shokapu ya kipimo hicho inapatikana Kigali au Kampala. Hapa mjini usiitegemee. Wauzaji hawapendi nichukue muda hivi, lakini wanaolipa ni wateja wangu.

Ukishainunua, shokapu za upepo zipimwe kwa uzito wako. Vaa begi lako, kaa bila kurukaruka: ya nyuma ishuke kama asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wake, ya mbele asilimia 20 hivi. Pampu ya kawaida ya gurudumu haifai. Inahitajika ile ndogo ya shokapu, yenye geji.

Vumbi letu jeusi linasaga kama msasa. Kila ukirudi, futa mabomba kwa kitambaa chenye unyevu kabla hujayakandamiza tena. Maji ya ndoo yanatosha. Maji ya presha ya kuoshea magari yanasukuma mchanga ndani ya beringi, na shokapu mbili zina beringi nyingi za kubadilisha.