Mtambo wa fataki, kwa tupa na jiliwa

Mpwa wangu aliyeko Ohio, Marekani, alinipigia simu Jumapili moja. "Shikamoo mjomba. Nimeshapata bamba la chuma, nataka kutengeneza mtambo wa fataki wa bunduki ya kale kama wako. Nianze na nyundo?" Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwambia nyundo aiache kabisa. Nyundo, ile sehemu ya mtambo inayoanguka na kugonga, ndiyo inayoonekana kwa nje, ina mkunjo wa kupendeza, na kila anayeanza huikimbilia. Mimi niliikimbilia pia, nikamaliza majuma matatu nikichonga kitu kizuri ambacho mwishowe hakikugonga pale kilipotakiwa kugonga. Mtambo huanzia ndani kwenda nje. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwandikia kipande kipande, na hapa nimeyakusanya.

Mimi ni fita. Kushika tupa nilifundishwa Tanga, na fundi aliyekuwa akinipa kipande cha chuma asubuhi na kunitaka nikifanye mraba kamili kabla ya adhuhuri. Sasa naishi Lancaster, Pennsylvania. Eneo hili ndilo ambalo mafundi wa asili ya Kijerumani, katika karne ya 18, walitengeneza bunduki ndefu zenye mifereji ndani ya kasiba, yaani mtutu, na Henry Leman alifungua karakana yake hapa mwaka 1834, zama za fataki zilipokuwa zimeshika. Bunduki yangu nimeifuatisha aina yake: kasiba ya pembe nane, na mti, yaani mbao inayoibeba kasiba, wa mepo, unaoishia nusu ya kasiba.

Kwa habari ya maneno, Kiswahili hakina upungufu hapa. Bunduki ya jiwe la cheche wazee wetu waliita gumegume. Kile kikombe kidogo cha shaba chenye baruti kali ni fataki. Kichuchu kinachovishwa fataki ni kifa, na mashine yote ya ubavuni ni mtambo. Vitu hivi viliingia pwani pamoja na bidhaa nyingine. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa tunachokiita merikani, na bunduki zilikuwa humo katika biashara, hata mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said ukaweka sharti kwamba kisiwani Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali peke yake. Kwa hiyo ninapopanza mtambo huu Lancaster, yaani ninapoinua nyundo tayari kwa kufyatua, nautaja kwa maneno ya babu zangu bila kutafsiri chochote.

Kabla ya tupa, sheria. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 huihesabu bunduki ya kushindilia ya mtindo wa kale kuwa kitu cha kale, lakini majimbo yana sheria zao, na aliyewahi kuhukumiwa ana masharti yake; uliza jimboni kwako. Ukiwa Tanzania au Kenya, usiguse. Kuunda silaha bila kibali ni kosa kubwa, na magobore ya vichochoroni yameua tembo na yamewararua mikono waliokuwa wameyashika. Soma upate elimu ya chuma, kwani kamani, yaani springi, ni kamani hata kwenye kitasa cha kasha.

Sehemu zenyewe si nyingi. Kuna bamba linalobeba kila kitu. Nyuma ya bamba kuna gurudumu, ambalo si duara kamili, na mhimili wake hutokeza nje na kushika nyundo. Kuna ulimi unaoingia katika mapengo ya gurudumu na kulizuia. Hatamu hulifunika gurudumu na kuushika mhimili upande wa pili ili usiyumbe. Mwisho ni kamani mbili: kubwa ya kulisukuma gurudumu, ndogo ya kuubana ulimi.

Bamba halina hadithi. Chuma laini cha milimita 3 na nusu, urefu sentimita 12, upana sentimita 2 na nusu. Kata kwa msumeno wa chuma, nyoosha kwa tupa, toboa tundu la mhimili kwa keekee ya kusimama, siyo ya mkononi, kwa sababu tundu likilala hata kidogo gurudumu litasugua bamba maisha yake yote.

Gurudumu ndilo kazi. Mimi nalitoa katika fimbo moja ya pua, yaani chuma kinachokubali kufanywa kigumu, ya milimita 22, naikereza mpaka nipate mhimili mnene wa milimita 9 upande wa bamba, na mwembamba wa milimita 4 upande wa hatamu, vyote kipande kimoja na gurudumu. Usiunge mhimili kwa kuchomelea. Ncha ya nje ya mhimili mnene naipiga tupa iwe mraba wa kama milimita 6, na hapo yale mafunzo ya asubuhi ya Tanga yanarudi mkononi: sugua upande mmoja, geuza wa pili wake, pima kwa kalipa, sugua tena. Mraba ukilegea, nyundo itacheza.

Mapengo usiyakate mapema. Kwanza funga gurudumu, ulimi na hatamu kwenye bamba, vyote vizunguke kwa uzito wa kidole bila kukwama. Ili kuona panapokwama natumia masizi. Nina kibatari cha kopo kama kile tulichosomea nyumbani. Nakipitisha chini ya kipande mpaka kiwe cheusi, nakirudisha mahali pake, nazungusha mara moja, natoa. Palipong'aa ndipo panapogusa. Sugua hapo tu, kiasi cha kuondoa mng'ao, kisha masizi tena. Siku moja nilifanya hivyo mara kumi na nne kwa hatamu moja, na ya kumi na tano ikazunguka bila sauti.

Sasa mapengo. Yako mawili, na hayafanani hata kidogo. La kwanza ni pengo la nusu, ambapo nyundo imeinuka kidogo tu, kiasi cha kuvisha fataki. Hili ni la usalama. Liwe la kina, milimita 2 hivi, na mdomo wake ujikunje juu ya ncha ya ulimi kama ndoana, ili hata mtu akivuta kwa nguvu zake zote ulimi usitoke. Pengo la pili ndilo la kufyatulia. Hilo ni la kina kidogo, milimita moja au pungufu, na uso wake usiwe na mdomo. Nguvu ya gurudumu inayosukuma ncha ya ulimi ielekee sawasawa kwenye skrubu ambayo ulimi unazungukia. Angalia nyundo kwa karibu unapobonyeza ulimi polepole: ikipanda kwanza kabla ya kuanguka, uso wa pengo umelala ndani mno na mvuto utakuwa mzito. Ikitaka kuteleza yenyewe, umelala nje, na mtambo huo ni hatari. Mistari naichora kwa sindano juu ya rangi ya buluu, nakata ndani ya mstari, na milimita ya mwisho naimaliza kwa tupa ya sindano na jiwe la kunolea. Ukilikosea pengo la nusu, tupa gurudumu lote uanze jingine. Usilijaze kwa moto wa kuchomelea. Mpwa wangu aliniuliza kama anaweza kulinusuru lake la kwanza lililotoka na mdomo mfupi, nikamwambia, baba, chuma ni dola chache, na wewe ni mmoja.

Ulimi na gurudumu vikikubaliana, vipe ugumu. Pua ninayotumia ni ile ya kuzimwa kwa mafuta: iwake nyekundu ya cheri, iingie mafutani wima, kisha nasafisha na kuiweka katika jiko la umeme nyuzi 230 za Selsiasi kwa saa moja mpaka iwe na rangi ya majani makavu. Ule mraba wa nje naurudishia moto kidogo peke yake mpaka uwe buluu, maana ukiwa mgumu mno utakatika siku ambayo nyundo itajipigisha vibaya.

Kamani kuu ndiyo iliyonifundisha adabu. Inakunjwa kama herufi V: mguu mmoja umetulia kwenye bamba, wa pili una ndoana inayobana kidole cha gurudumu. Natumia ukanda wa pua ya kaboni, aina wanayoiita 1075, unene milimita 3, upana milimita 12. Mguu unaofanya kazi naupunguza unene hatua kwa hatua kutoka kwenye kunjo hadi ndoana, mpaka ufikie kama milimita 1 na nusu, na upana wake unapungua vivyo hivyo. Kwa njia hiyo unapinda mguu mzima kwa pamoja, badala ya sehemu moja kubeba mateso yote. Ndoana naikunja kwanza. Halafu naipasha moto katikati mpaka iwe ya chungwa na kuikunja juu ya kipande cha bamba cha milimita 3. Usiigonge ikiwa imepoa. Kunjo libaki na uwazi wa mviringo. Ukilifunga kama karatasi umeshaanza ufa.

Kamani yangu ya kwanza ilikuwa nzuri kuitazama. Niliupanza mtambo jioni nikauacha juu ya meza ili nione kama kamani itachoka. Asubuhi nikakuta vipande viwili. Nilivipeleka dirishani nikavitazama kwa lenzi: sehemu ya mvunjiko ilikuwa ya kijivu, punje laini, isipokuwa pembeni ambako palikuwa na doa jeusi dogo, na doa lile lilikaa juu ya mkwaruzo wa tupa uliopita kwa upana. Mkwaruzo mmoja, mwembamba kama unywele. Tangu hapo kamani yangu naipiga tupa kwa urefu wake tu, kisha msasa kwa urefu, kisha msasa laini zaidi, pande zote nne pamoja na ndani ya kunjo, mpaka nisione hata mstari mmoja unaokatiza. Hakuna kazi katika mtambo huu inayolipa kama hiyo.

Kuizima: ining'inize kwa waya, ipashe moto taratibu chumbani penye giza kidogo, ukijaribu sumaku kila mara. Karibu na nyuzi 770 sumaku itaikataa. Iongezee kidogo tu, kisha moja kwa moja kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto mpaka ukigusa kopo unatoa mkono. Sasa ni ngumu kama kioo. Ukiiangusha sakafuni inaweza kuvunjika. Isugue ing'ae. Kuilainisha, nafanya kama mafundi wa zamani: naiweka ndani ya kopo la chuma, nalijaza kopo mafuta hadi yaifunike kamani, na nje ya nyumba, mbali na kila kitu, naipasha moto mpaka mafuta yawake na kujiunguza yote. Naiacha ipoe yenyewe. Vaa miwani na glovu za ngozi, na maji yasikaribie moto wa mafuta. Ikipoa, ibane jiliwani, yaani katika kibano cha mezani, kidogo kidogo, robo, nusu, mpaka miguu ikaribiane kama itakavyokuwa ndani ya mtambo, na uso wako uwe pembeni. Ikirudi ilivyokuwa, ni kamani. Ikibaki imekunjwa, ilikuwa laini mno, izime upya.

Kamani ndogo ni mtoto wa ile kubwa, fuata njia hiyohiyo.

Sasa, mpwa wangu, nyundo. Kasiba iwe tayari kwenye mti na kifa kimeshafungwa, kwa sababu nyundo hufuata kifa. Mstari kutoka kwenye mhimili hadi mdomo wa kifa na mstari wa kifa chenyewe vikutane kwa pembe mraba, ndipo uso wa nyundo utaanguka bapa juu ya fataki. Usipoanguka bapa utaikata fataki upande mmoja na kukipinda kifa. Fua shingo ya nyundo ikiwa na nyama ya ziada, ili ukikosea kidogo uweze kuikunja kwa moto. Uso wake uchimbwe kikombe cha kuizunguka fataki, kwani shaba hupasuka na vipande vyake huruka kuelekea jichoni. Tundu la mraba ni la mwisho kabisa. Weka gurudumu pale litakapokuwa baada ya kufyatua, likibakiza safari kidogo ili nyundo isimame juu ya kifa na siyo gurudumu kwenye hatamu, laza nyundo juu ya kifa, chora mraba, toboa ndani yake, na maliza kwa tupa ya sindano ya mraba. Masizi yatakuonyesha tena.

Mtambo ukiwa nje ya bunduki usiufyatue hewani. Nyundo isiyo na kifa cha kuisimamisha huvunja gurudumu. Weka kipande cha mti laini. Halafu jaribu pengo la nusu: funga mtambo jiliwani, weka nyundo kwenye nusu, na sukuma mkia wa ulimi kwa dole gumba mpaka kucha iwe nyeupe. Mimi hufanya hivyo mara hamsini, nafungua, naangalia mdomo wa pengo kwa lenzi, nafunga, na mara hamsini nyingine.

Jaribio la mwisho halitaki baruti wala risasi. Hakikisha kwa shindilio kwamba kasiba ni tupu. Vaa miwani, visha fataki, elekeza kasiba kwenye jani moja la nyasi, kipimo cha shubiri hivi kutoka mdomoni, na fyatua. Jani likitikisika, njia ya moto kutoka kwenye kifa hadi ndani iko wazi. Mpwa wangu alinitumia video ya lake mwezi uliopita: jani la kwanza halikutikisika, akatoa kifa, akakuta mafuta ya kuhifadhia chuma yameziba tundu, akasafisha kwa waya. La pili lililala chini kabisa.