Kulima Koliflawa Bustanini Hadi Siku ya Kuikata

Koliflawa ni ndugu wa kabichi na brokoli, ila haivumilii kabisa kukatizwa ukuaji wake. Mche uliodumaa kwa kiu, kwa joto au kwa kukawia kitaluni hufunga kichwa kidogo mfano wa kifungo cha koti, na hata ukiupa maji na mbolea baadaye, kichwa hicho hakinenepi tena.

Panda kwa hesabu ya majira, ili kichwa kifunge wakati wa ubaridi wa nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, kwa maana joto likizidi 25 kichwa hulegea na kuchomoza vijani katikati. Sia mbegu kitaluni kwa kina cha sentimita 1, na baada ya wiki 4 hadi 6, miche ikiwa na majani 4 au 5, ihamishie bustanini wakati wa jioni. Mche mrefu uliozeeka kitaluni huvutia macho, lakini mimi nauacha na kuchukua ule mfupi wenye shina nene.

Udongo uwe na samadi iliyooza vizuri na pH (kipimo cha asidi ya udongo) ya karibu 6.5. Ukiwa na asidi nyingi, tia chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwani asidi huunyima mmea molibdeni, madini unayoyahitaji kwa kiasi kidogo sana, majani yakawa membamba kama mjeledi, na pia huchochea ugonjwa wa uvimbe wa mizizi. Acha sentimita 45 kati ya mche na mche na 60 kati ya mistari, mahali ambapo jamii ya kabichi haijapandwa kwa miaka 3 au zaidi.

Kila mita mraba huhitaji takribani lita 25 za maji kwa wiki, na matandazo husaidia kuutunza unyevu huo. Pindua majani ya mmea mara kwa mara uyakague chini yake. Ukiona mayai ya njano ya kipepeo mweupe, yasugue kwa kidole kabla hayajaangua viwavi.

Kichwa kikifikia ukubwa wa yai, kifiche jua, la sivyo kitageuka manjano na ladha yake itakuwa kali. Ngoja umande ukauke, kwa sababu maji yakibaki ndani huozesha, kisha kusanya majani makubwa ya nje juu ya kichwa na kuyafunga kwa kamba laini bila kuyabana, hewa ipate kupita. Aina zinazojifunika zenyewe na zile za zambarau hazihitaji kazi hii.

Tangu hapo fungua uchungulie kila baada ya siku 2. Kichwa chenye upana wa sentimita 15 hadi 20, kizito na kilichoshikana, kimekuwa tayari. Kikianza kuachana na kuonyesha chembechembe kama za mchele, kikate siku hiyohiyo hata kama ni kidogo, maana kusubiri hukiharibu tu. Kata asubuhi kwa kisu kikali ukibakiza majani machache ya kukikinga, halafu kiloweke katika maji ya chumvi kwa dakika 20 ili viwavi waliojificha watoke.

Mmea hautoi kichwa kingine, kwa hiyo ung'oe na uikague mizizi yake: ikiwa imevimba, usiitupe kwenye shimo la mboji.