Enterokoki Wameota Kwenye Damu: Hatua Ninazofuata Wodini

Wadogo zangu mnaoanza intani hapa Dar, tumchukue mgonjwa wa kawaida kabisa. Mzee kutoka Mbagala, ana mpira wa mkojo wiki ya tatu, homa haishuki, yuko siku ya nne ya antibayotiki ya seftriaksoni. Usiku maabara wanapiga: chupa za damu zimeota koki (bakteria wa duara) wa gramu chanya, wawili wawili na vijinyororo vifupi. Hapo fikiria enterokoki, bakteria wanaoishi utumboni.

Hatua ya 1: Usitegemee seftriaksoni. Enterokoki wana usugu wa kuzaliwa nao dhidi yake. Sefalosporini, ukoo wa dawa za seftriaksoni, hazinasi vizuri kwenye protini wanayotumia kujengea ukuta wao, hivyo kuongeza dozi ni kupoteza siku. Nasi tumezoea kuichoma kwa kila homa! Septrini nayo usiipe hata majibu yakionyesha inaua. Ndani ya mwili bakteria hawa hujipatia foleti na kuikwepa.

Hatua ya 2: Chota damu tena. Ikiota chupa moja tu, huenda ni uchafu wa ngozi. Chota sehemu mbili tofauti, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa ya mtu mzima. Paka ngozi spiriti ya asilimia 70 na usubiri ikauke yenyewe; ukipuliza kwa mdomo umeharibu kazi. Futa pia kizibo cha chupa. Usichote kupitia kanula iliyokaa. Chupa ikingoja kupelekwa maabara, iache mezani, si kwenye friji. Nimewahi kukuta chupa imelazwa pembeni ya chanjo, na aliyeiweka alidhani anaitunza.

Hatua ya 3: Uliza jina kamili la enterokoki. Akiwa wa aina ya faecalis, ampisilini kwa kawaida inatosha: gramu 2 kwenye mshipa kila saa 4 hadi 6, ukipunguza dozi figo zikiwa dhaifu. Akiwa faecium, mara nyingi ampisilini haimgusi, hapo ni vankomaisini. Enterokoki waliokwisha kuizoea vankomaisini waliripotiwa Uingereza na Ufaransa tangu miaka ya 1980. Kwao tunatumia linezolidi miligramu 600 kila saa 12, na picha kamili ya damu kila wiki kwa sababu hushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu.

Hatua ya 4: Toa chanzo. Mpira wa mkojo ung'olewe leo, si kesho raundi. Kama tumbo linauma, piga ultrasaundi utafute usaha au nyongo iliyoziba. Chanzo kikitoka na mgonjwa akipata nafuu, siku 7 hadi 14 za dawa kwa kawaida zinatosha.

Hatua ya 5: Usisahau moyo. Enterokoki hupenda vali. Homa ya muda mrefu, sauti mpya kwenye moyo, damu inayoendelea kuota, au chanzo kisichojulikana: omba eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Pale Muhimbili kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, rufaa iandike mapema.

Vali ikiwa imeshikwa na faecalis, ndipo seftriaksoni uliyoifukuza mwanzoni inarudi, gramu 2 kila saa 12, lakini ikiwa imeshikana mkono na ampisilini gramu 2 kila saa 4. Peke yake haiwezi; pamoja zinaziba protini tofauti za ukuta uleule. Tiba ni wiki 6, na kuhesabu kunaanza siku uliyochota damu ambayo haikuota kitu.